Daftari la Duka la Mama na Mwanauchumi wa Edinburgh

Katika kabati la nyumba yetu, mtaa wa Langoni kisiwani Lamu, kuna madaftari kumi na moja ambayo mama yangu alikataa kuyatupa hata baada ya kulifunga duka lake. Kila ukurasa una jina la nyumba juu yake, na chini yake mistari ya vitu vilivyochukuliwa kwa ahadi ya kulipwa: sukari nusu kilo, mchele vibaba viwili, mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, majani ya chai, kiberiti, kipande cha sabuni ya mche. Nimekua nikiyaona madaftari hayo kuwa kumbukumbu za madeni tu, mengine yaliyolipwa na mengine yaliyosamehewa. Nilianza kuyasoma upya mwezi wa Oktoba 2015, wiki ile ilipotangazwa kwamba Angus Deaton wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa uchambuzi wake wa matumizi, umaskini na ustawi. Nilisoma maelezo ya kazi yake usiku huo, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyomwona mama ameketi nyuma ya mizani yake baada ya sala ya magharibi, akiandika nani amechukua nini, kiasi gani, na kwa bei gani.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuguswa. Miaka michache kabla ya hapo nilifanya kazi ya ukarani katika utafiti mmoja wa matumizi ya kaya. (Neno hilo “kaya” lilinisumbua tangu siku ya kwanza ya mafunzo, maana kwa jirani zetu Wamijikenda wa Kilifi na Malindi kaya ni msitu wa wazee, mahali pa makaburi na matambiko, na sasa sisi tulikuwa tukiligonga kwenye milango ya watu kana kwamba lina maana moja tu.) Nilipanda mashua hadi kisiwa cha Pate nikiwa na mkoba wa hojaji, nikaketi kwenye mabaraza ya Faza na Kizingitini, nikauliza maswali ambayo wakati huo niliyaona ya kuchosha na pengine ya kuwadhalilisha wenye nyumba. Siku saba zilizopita mmekula samaki kiasi gani? Mlinunua, mlivua wenyewe, au mlipewa? Mama mmoja wa makamo alinitazama kwa upole, akaniuliza: “Mwanangu, wauliza ya kusi au ya kaskazi?” Sikuwa na jibu, kwa sababu hojaji haikuwa na nafasi ya swali lake.

Deaton ametumia karibu maisha yake yote ya kazi akitafuta jinsi ya kumjibu mama yule.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 19 Oktoba 1945. Baba yake alitoka Thurcroft, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire. Kifua kikuu kilimtoa jeshini wakati wa vita, naye akajisomea hadi akawa mhandisi wa mambo ya maji. Mzee huyo aliazimia mwanawe apate elimu ambayo yeye hakuipata, na kijana akashinda nafasi ya ufadhili katika shule ya Fettes, ambayo ada yake ya mwaka ilizidi mshahara wa baba. Kutoka huko alikwenda Cambridge kusoma hesabu, kisha akahamia uchumi. Alipomaliza shahada ya kwanza alifanya kazi kwa muda mfupi katika Benki Kuu ya Uingereza, akarudi Cambridge, na huko akawa karibu na Richard Stone, mtu aliyejenga misingi ya hesabu za mapato ya taifa na ambaye mwenyewe alipata Nobel mwaka 1984. Mwaka 1976 Deaton alikuwa profesa Bristol, mwaka 1978 akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa Medali ya Frisch, tuzo ya makala bora ya uchumi wa kutumia takwimu, na mwaka 1983 alihamia Princeton, ambako alibaki hadi kustaafu.

Kazi iliyompatia jina aliichapisha mwaka 1980 pamoja na mwanauchumi mwenzake John Muellbauer. Waliipa mfumo wao jina la unyenyekevu kidogo na majivuno kidogo: mfumo wa mahitaji unaokaribia kuwa kamili. Swali lake linaeleweka na kila mwenye duka. Bei ya unga ikipanda, mtu hapunguzi unga peke yake. Pengine hupunguza sukari ili unga ubaki, au huacha nyama, au huhama kutoka mchele kwenda muhogo. Bei ya kitu kimoja hugusa ununuzi wa vitu vyote, na huwagusa wenye nacho na wasio nacho kwa namna tofauti. Mifumo iliyotangulia, ukiwemo ule wa Stone wa mwaka 1954, ililazimisha tabia za watu zifuate umbo lililokwisha kuamuliwa na mwandishi wake. Deaton na Muellbauer walitengeneza mlinganyo uliolegea vya kutosha kuwaacha watu waonyeshe wenyewe wanavyobadilisha vikapu vyao, na bado ukaweza kukokotolewa kwa mashine za siku zile. Mpaka leo, serikali inapotaka kujua kodi ya bidhaa fulani itamwumiza nani, jamii hiyo ya milinganyo ndiyo inayotumika mara nyingi.

Hilo si jambo la vitabuni tu kwetu. Mwezi wa Mei 2017 bei ya pakiti ya kilo 2 za unga wa mahindi nchini Kenya ilishushwa kwa ruzuku hadi shilingi 90, na Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikashushwa tena hadi shilingi 100. Mara zote mbili nilisikia watu wakibishana kama ruzuku ile iliwafikia maskini. Mabishano yale yalikuwa na joto jingi, lakini hayakuwa na swali la kwanza kabisa: maskini wa wapi, na wao hula nini? Nyumba nyingi za Lamu hutegemea wali na mikate zaidi ya sima. Deaton mwenyewe aliwahi kufanya uchunguzi wa namna hiyo kuhusu mchele wa Thailand mwaka 1989, akionyesha kwamba huwezi kujua bei ya chakula inamfaidi nani mpaka ujue kila nyumba inalima kiasi gani, inauza kiasi gani na inanunua kiasi gani.

Nirudi kwa mama wa Pate, maana swali lake ndilo lililo karibu zaidi na moyo wa kazi hii.

Kwetu mwaka una pepo mbili. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia, mashua hutoka mbali na kambakoche hupatikana. Kusi hushika takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, mawimbi huwa makubwa, na vyombo vidogo hukaa ufukoni siku baada ya siku. Mapato ya mvuvi kwa hiyo hupanda na kushuka kama maji ya mkondo. Lakini tumbo halijui kaskazi wala kusi. Nyumba ya mvuvi hula kila siku, na madaftari ya mama yanaonyesha jinsi: kurasa za Juni na Julai zimejaa, kurasa za Desemba zina mistari ya kukata madeni. Wataalamu wa uchumi walikuwa na nadharia yao kuhusu jambo hili tangu miaka ya 1950, kwamba watu hulainisha matumizi yao kwa kutazama kipato wanachokitarajia kwa muda mrefu, si kile cha mwezi huu. Katika miaka ya 1980 Deaton alionyesha kwamba, ukichukua takwimu za taifa zima la Marekani na kuzipima kwa uaminifu kulingana na nadharia hiyo, hesabu haikubali: mabadiliko ya kipato yalikuwa ya kudumu kiasi kwamba matumizi yangepaswa kuyumba angalau sawa na kipato, lakini hayakuyumba hivyo. Fumbo hilo sasa linaitwa kwa jina lake.

Ninachokipenda ni njia aliyoichukua kutoka hapo. Hakulitupa fumbo wala hakulifunika kwa hesabu nyingine. Alisema tatizo ni kumchukua “mtu wa wastani” wa taifa zima na kumfanya awakilishe watu ambao mapato yao hupanda na kushuka kila mmoja kwa wakati wake. Mvuvi wa Kizingitini anakosa wakati ambapo seremala wa majahazi wa Matondoni anapata. Ukiwajumlisha, shida ya mmoja na nafuu ya mwingine hufutana, na unabaki na mstari ulionyooka usiomhusu yeyote kati yao. Lazima uende nyumba kwa nyumba. Mwaka 1991 aliandika kuhusu watu wasioweza kukopa benki, wenye kipato kisichotabirika, akaonyesha kwamba akiba ndogo sana, ikitumiwa kwa busara, hutosha kuzuia siku mbaya nyingi, na kwamba njaa hubisha hodi pale siku mbaya zinapofuatana kabla ya akiba kurudi. Niliposoma maelezo ya hoja hiyo niliona bangili za dhahabu za shangazi zangu, zilizokuwa zikipotea mikononi mwao miezi ya kusi na kurejea kaskazi, na nikaelewa ni kwa nini mwaka ambao kaskazi yenyewe ilikuwa mbaya bangili nyingine hazikurudi tena.

Kuanzia hapo kazi yake ikashuka zaidi na zaidi kwenye hojaji. Benki ya Dunia ilikuwa imeanzisha mpango wa tafiti za hali ya maisha ya kaya mwaka 1980, naye akawa miongoni mwa washauri wake; kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchambuzi wa tafiti hizo bado kinafundishwa. Kuna hila moja ndani ya kazi hiyo ninayoiona kuwa nzuri mno. Karani akiuliza nyumba imetumia shilingi ngapi kwa mchele na imenunua kilo ngapi, akigawanya hupata bei. Lakini si bei halisi, kwa sababu mwenye pesa hununua basmati na asiye nazo hununua mchele uliovunjika, hivyo tofauti ya bei imechanganyika na tofauti ya ubora. Mwaka 1988, kwa takwimu za Kodivaa (Ivory Coast), Deaton alipendekeza hivi: majirani wa kijiji kimoja hununua sokoni pamoja na hukutana na bei moja, kwa hiyo tofauti zilizo ndani ya kijiji zichukuliwe kuwa za ubora, kisha zikishaondolewa, tofauti zilizobaki kati ya kijiji na kijiji ziwe ndizo za bei, zinazotokana na gharama ya usafiri. Mtu wa Lamu haelezwi jambo hilo mara mbili. Gunia linalotua gati ya Mokowe lina bei yake, likivushwa kwa mashua hadi mjini lina bei nyingine, likipakiwa tena kwenda Faza limeshapanda, na likifika Kiunga limepanda zaidi. Umbali wenyewe umegeuzwa kuwa kipimo.

Mwaka uliofuata alitafuta jibu la swali zito zaidi: je, ndani ya nyumba, mtoto wa kike hupewa kidogo kuliko wa kiume? Hojaji huuliza nyumba, haimfuati kila mmoja mezani. Akatumia njia ya kutazama vitu vya watu wazima peke yao, kama tumbaku na pombe, kwa sababu mtoto akizaliwa wazazi hujinyima vitu hivyo ili wamlishe. Basi ikiwa hujinyima zaidi kwa ajili ya mvulana kuliko msichana, upendeleo utaonekana hapo. Kwa Kodivaa hakupata ushahidi wa upendeleo huo, na kwa Thailand dalili zilikuwa dhaifu. Natamani mtu aifanye hesabu hiyo hapa kwetu kwa tambuu na miraa, ingawa nakiri kuna jambo linalonitia shaka, nalo ni sinia. Nyumba za Lamu hula sinia moja, mara nyingi wanaume na wavulana kwa upande wao na wanawake na wasichana kwa wao, na kinachoamua ni nani anafikia kipande cha samaki kilicho katikati. Hakuna daftari linaloandika hilo. Mwaka 1998 Deaton na Christina Paxson walikumbana na fumbo linalofanana: nyumba kubwa, zikiwa na matumizi sawa kwa kila kichwa na nyumba ndogo, zingetarajiwa kula vizuri zaidi kwa sababu zinagawana paa na jiko, lakini takwimu zinaonyesha zinatumia kidogo zaidi kwa chakula kwa kila kichwa, na hasa katika nchi maskini. Wataalamu bado hawajakubaliana kwa nini.

Sehemu ya kazi yake iliyonishika kuliko zote ni ya India. Kwa miongo mingi nchi hiyo iliwauliza watu matumizi yao ya siku 30 zilizopita. Baadaye ikajaribiwa kuuliza siku 7 kwa vyakula, na watu wakaonekana kula zaidi sana, kwa sababu mtu husahau vitu vidogo vya wiki tatu zilizopita; kwa kubadilisha swali tu, idadi ya maskini iliweza kupungua karibu nusu. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 1999–2000 maswali yote mawili yaliwekwa bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja, na jibu la moja likalivuta jibu la jingine. Kiwango rasmi cha umaskini kilitoka asilimia 36 mwaka 1993–94 hadi asilimia 26, na kukazuka ugomvi mkubwa, kwa kuwa wapo waliotaka mageuzi ya uchumi yaonekane yamefaulu na wapo waliotaka yaonekane yameshindwa. Deaton hakuchagua kambi. Alitafuta ni vitu gani ambavyo swali lake halikubadilishwa, kama nishati ya kupikia, akavitumia kukisia jibu ambalo watu wangetoa kama wangeulizwa kwa njia ya zamani, na akahitimisha kwamba umaskini ulikuwa umepungua kweli, ila si kwa kiasi kile kilichodaiwa. Baadaye, pamoja na mwanauchumi Jean Drèze, aliandika kuhusu jambo lililowashangaza wengi: Wahindi walikuwa wakipata kipato zaidi huku wakila kalori chache zaidi, pengine kwa sababu kazi za sulubu zimepungua na maradhi yamepungua, ilhali watoto wao bado walikuwa miongoni mwa waliodumaa zaidi duniani.

Hapo ndipo nilipoacha kuiona kazi yangu ya ukarani kuwa ya kuchosha. Utafiti mkubwa wa Kenya wa mwaka 2015/16 ulipangiwa kaya 24,000, na kutoka humo likatoka tangazo kwamba asilimia 36.1 ya Wakenya ni maskini, maana matumizi yao kwa mwezi kwa mtu mzima yalikuwa chini ya shilingi 3,252 mashambani au shilingi 5,995 mjini. Namba hizo husomwa redioni kama zilizoshuka kutoka mbinguni. Zimetoka kwenye midomo ya kina mama waliokuwa wakikumbuka, na kwenye mikono ya makarani waliokuwa na haraka ya kuwahi mashua ya kurudi.

Yaliyofuata katika maisha ya Deaton yanajulikana zaidi, na nitayapita upesi. Mwaka 2010, akiwa na mwanasaikolojia Daniel Kahneman, alionyesha kwamba Wamarekani wenye kipato kikubwa hupima maisha yao kuwa mazuri zaidi, lakini furaha yao ya siku kwa siku ilionekana kutoongezeka baada ya dola 75,000 kwa mwaka. Kitabu chake cha mwaka 2013 kilishambulia misaada ya nje kwa hoja kwamba serikali inayolishwa na wafadhili haihitaji kuwasikiliza wananchi wake. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo, kwa sababu nimeona zahanati ambayo isingesimama bila mfadhili, na nimeona pia viongozi wasiojibu barua kwa kuwa mfadhili yupo. Mwishoni mwa mwaka wa tuzo yake, yeye na mkewe Anne Case, mwanauchumi pia, walichapisha ushahidi kwamba vifo vya Wamarekani weupe wa umri wa kati, hasa wasio na shahada, vilikuwa vikiongezeka kwa sababu ya dawa za kulevya, pombe na kujiua. Ni mkono uleule: kuzigawanya takwimu za taifa hadi waonekane wale waliofichwa na wastani.

Mwezi uliopita niliketi na mama, nikamweleza habari hizi zote kwa lugha ya nyumbani. Alisikiliza akichambua mchele. Nikamwomba nijaribu swali la India kwake: nikamwuliza juu ya sukari ya siku saba, kisha ya siku thelathini, halafu tukafanya hesabu, na ya wiki moja ikazidi sana robo ya ile ya mwezi. Akasema hiyo si ajabu, kwa sababu wiki hii tulikuwa na wageni. Kisha akauliza kama mzungu huyo alihesabu vyakula vya kupewa.

Nikamjibu kwamba ndiyo, hojaji ina safu yake. Sikumficha kwamba mimi mwenyewe, kule Pate, niliiacha safu hiyo tupu katika nyumba nyingi, kwa sababu wenye nyumba waliona haya kusema wamepewa, nami sikutaka kuwauliza mara ya pili. Mama alinyamaza, akaweka ungo chini, akaenda kabatini na kurudi na daftari la mwaka mmoja wa Ramadhani ya kusi. Alifungua ukurasa wa nyumba iliyochukua vitu vichache kuliko zote mwezi ule, nyumba ya mjane na watoto watano, akaanza kunitajia sahani zilizoingia pale kila magharibi: uji kutoka nyumba hii, mkate wa mofa kutoka ile, samaki wa kupaka kutoka kwa jirani wa nyuma, tende kutoka msikitini. Nilichukua kalamu, na ng’ambo ya ukurasa, upande ambao yeye hakuwahi kuuandika, nikaanza kuziorodhesha.